Ukoo wa Nyuso Tisa

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, saa tatu na nusu asubuhi, Kathini Mwau alikuwa ameketi kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu sokoni Nuu, akibandua kioo kilichopasuka kwenye simu ambayo mwenyewe alikuwa hajairudia tangu Machi. Mwenyewe alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Aliiacha pale akasema anakunywa chai mara moja, na chai hiyo sasa ilikuwa inaingia mwezi wa tatu. Kathini hakuwa na sababu ya kuishughulikia, ila siku hiyo hakukuwa na mteja, na kioo cha aina hiyo alikuwa nacho sandukuni. Alikipachika, akakifuta kwa ncha ya leso, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Simu haikuonyesha saa wala picha ya mtu. Ilionyesha mlima, mto mkavu na vibanda kumi na viwili vya nyasi. Ulikuwa mchezo, ile aina ambayo mtu hupewa ukoo auongoze: aamue nani alime, nani akapigane, mungu yupi alishwe, binti yupi aozwe wapi. Yule mchuuzi alikuwa ameuongoza vibaya sana, labda kama alivyokuwa akiongoza mbuzi wake. Watu walikuwa wamebaki sitini na wanne. Ghalani mlikuwa na magunia matatu, ng'ombe walihesabika kwa vidole, na majirani wa mashariki walikuwa wamewavamia mara nne kwa mwaka mmoja. Chini ya yote hayo, kwa herufi za manjano, palikuwa na maneno: Watu wana njaa. Unasemaje?

Kathini alitaka kuizima akapike. Lakini hakuwa mtu wa kuulizwa swali kama hilo akainuka akaenda zake. Alivuta kigoda karibu.

Yeye mwenyewe wakati huo hakuwa na mbele wala nyuma. Alikuwa ameolewa Mwingi na Abdulatif, fundi wa simu, mtu mpole aliyemfundisha kazi hiyo kwa mikono yake. Abdulatif alipofariki, Kathini alirudi kwao Nuu na sanduku la bisibisi. Baba yake, mzee Mwau, kabla hajafa alimwonyesha ekari tatu za mteremko kando ya mlima akamwambia, hii ni yako. Alimwambia hayo mbele ya mashahidi wawili, na mashahidi hao nao walikuwa wamekwisha kufa.

Mbai, yaani ukoo, haikukataa maneno ya marehemu. Ilimwandikia barua. Barua iliandikwa na Kaloki, katibu wa mbai, kwa mwandiko mzuri kabisa, ikieleza kwamba ardhi ya mbai ambayo haijachimbwa matuta kufikia mvua ya Novemba ni ardhi iliyoachwa, na kwamba ardhi iliyoachwa hupewa mwanamume wa karibu zaidi, ambaye kwa bahati njema yupo, naye ni binamu yake Mulinge.

Ekari tatu za mteremko si kazi ya mtu mmoja. Huko kila nyumba huchimbiwa matuta na mwethya, kikundi cha kusaidiana kwa zamu: leo tuko kwako, kesho kwangu, na siku uliyotoa kwa mwenzako hurudishwa siku nzima, pamoja na jembe lake. Zamu za mwethya hufuata daftari la mbai, na daftari la mbai lina majina ya wanaume. Mke hupata zamu kupitia jina la mumewe. Binti ambaye hajaolewa hupitia kwa babake, na siku mahari yake inapopokelewa anafutwa. Binti aliyerudi hana mstari. Hakuna mtu Nuu aliyemchukia Kathini. Ni kwamba zamu ilipofika upande wake, kidole cha Kaloki kiliteleza kutoka jina moja hadi jingine bila kupata mahali pa kutua.

Basi alichimba peke yake, kutoka saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kisha anaosha miguu na kwenda kufungua kibanda. Alilitaka shamba lile kuliko kitu chochote duniani. Alilitaka kwa sababu lilikuwa zuri, na kwa sababu baba yake alimpa, na kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kufikia Julai alikuwa amemaliza tuta moja na nusu.

Kwenye simu mambo yalikwenda vizuri zaidi. Mchezo ulitaka mashujaa. Kila msimu ulimletea njia tatu za kuchagua, na mojawapo haikosi kuwa ni kuvamia mtu. Kathini hakuvamia mtu. Aliuongoza ukoo ule kama mtu aliyezaliwa Nuu. Kwanza aliwatoa nusu ya ng'ombe wabadilishwe kwa nafaka wakiwa bado wana nyama mwilini. Baraza la mchezo lilimpinga sita kwa mmoja, na mwaka uliofuata koo zote za jirani zilikuwa zikizika ng'ombe. Aliwahamisha watu kutoka ukingoni mwa mto hadi palipoinuka, kisha akawaambia maji yatafutwe chini ya mchanga wa mto wenyewe. Kuhusu matuta, mchezo haukulijua neno hilo, lakini ulikuwa na amri ya kuchimba handaki la vita kuzunguka boma. Kathini aliagiza mahandaki, siyo kuzunguka boma bali kuukata mteremko, udongo ukitupwa upande wa juu. Aliambiwa kwa herufi za manjano kwamba adui hatatokea upande huo. Akaagiza mengine, yakafika arobaini na moja, kila moja siku moja.

Mvua ya mchezo iliponyesha, ilikaa. Ghala lilijaa. Majirani wa mashariki walikuja kuvamia kama desturi yao, wakatumbukia kwenye mtaro wa tuta la kwanza, wakatumbukia kwenye la pili, na walipotoka kwenye la tano wakaomba amani. Mwezi wa Agosti ulipokwisha, watu walikuwa mia mbili thelathini na mmoja.

Sabrin, ambaye jamaa zake walitoka upande wa Garissa na ambaye aliuza chai na maziwa ya ngamia kibanda cha pili, alikuwa na mazoea ya kuja kuchungulia.

"Hawa watu wako wameshiba kuliko wewe," alisema siku moja.

"Wanasikia wakiambiwa."

"Na ile shamba?"

"Niko tuta ya pili."

"Novemba si mbali, dada."

"Najua, Sabrin."

Walikuja Jumatatu ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, kwa barabara inayoteremka kutoka mlimani. Kathini alitazama simu kwanza. Kwenye kioo vilibaki vibanda vitupu na mbwa mmoja amelala. Ndipo akainua macho barabarani. Walitembea kwa mistari, wamejipaka rangi ya samawati mashavuni, majembe ya mfupa mabegani, na nyuma yao ng'ombe. Akina mama wa nyanya walivuta magunia yao pembeni ng'ombe wapite. Mchoraji wa mchezo alikuwa amewachora ng'ombe hao upande wa kushoto tu, kwa hiyo popote mtu aliposimama aliona ubavu wa kushoto. Wengi walisema ni ng'ombe wazuri.

Nyuso nazo hazikuwa nyingi. Mchoraji alikuwa amechora nyuso tano za wanaume na nne za wanawake, na watu wote mia mbili thelathini na mmoja walikuwa wamegawana hizo. Watoto walikuwa nazo zile zile, zikiwa ndogo. Mbele alitangulia mwanamke mzee mwenye shoka na uso wa tatu wa kike, ambaye kwenye mchezo alikuwa msemaji wa baraza. Alisimama mbele ya kibanda.

"Ulitufanyia siku arobaini na moja," alisema. "Tumekuja kuzirudisha. Tunaweza kuanza kuchimba juu, kuanza chini, au kumchinjia mungu wa udongo ng'ombe wawili. Unasemaje?"

Hivyo ndivyo walivyoongea wote. Hawakujua kuleta jambo bila kuleta njia tatu, na hawakuondoka mpaka wachaguliwe moja.

"Mmekula?" Kathini aliuliza.

Msemaji alifikiri. Hilo lilikuwa swali ambalo hakuwa amewahi kuulizwa na mtu wa upande huu wa kioo.

"Hapana," alisema.

Kathini alifunga kibanda. Njiani kuelekea shambani alimjibu lile la kwanza: waanze juu, kwa sababu maji huanza juu.

Sabrin aliazima sufuria kubwa za msikitini akachemsha chai. Adhuhuri, wale akina mama wa mwethya ambao hawakuwahi kufika kwa Kathini na jembe walifika na mwiko, kwa kuwa kupikia wageni hakumo katika daftari lolote. Walipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maharagwe, sufuria baada ya sufuria. Ili kuwatofautisha wageni waliwafunga vitambaa vya leso kuukuu mikononi, na rangi zilipokwisha wakaanza kuwaita kwa namna wanavyokula.

Siku ya tatu alifika naibu wa chifu, bwana Nzuki, kwa pikipiki, akiwa na fomu kwapani.

"Hawa watu wanatoka wapi?"

"Kwa simu," Kathini alisema.

"Simu ya nani?"

"Ya mteja. Hajarudi."

"Wako na vitambulisho?"

"Hawana."

Nzuki alitazama mstari wa watu arobaini wenye uso mmoja, wakiinua majembe na kuyashusha. "Hata wakipewa, hizo picha zitatusumbua," alisema. Aliandika kwenye fomu: wageni wa kikazi, mwenyeji ni mteja. Kisha akaomba chai, akapewa, akanywa akiwa amesimama.

Kazi iliisha siku ya tisa. Zilibaki siku thelathini na mbili za deni, na hawa hawakuwa watu wa kuondoka na siku za mwenzao. Walitandika ngozi chini ya tuta la mwisho wakangoja waambiwe.

Mulinge alikuja kuangalia. Alitembea juu ya tuta moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akipima kwa hatua, kwa sababu moyoni alishaanza kupanga atapanda nini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wanne na shamba la mawe.

"Kazi ni nzuri," alisema. "Lakini mimi ningeanza chini."

"Ndio maana zako hubomoka," Kathini alimwambia.

Mulinge alicheka kidogo. Ilikuwa kweli.

Kamati ya mbai ilifika Ijumaa na kamba ya katani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa haki, aliyevua kofia alipoingia shambani mwa mtu. Walipima kina, wakapima upana, wakapima nafasi kutoka tuta hadi tuta, na hawakupata kasoro. Halafu mwenyekiti akamgeukia Kathini kwa upole.

"Matuta yako sawa, mama. Nikisema hayako sawa nitakuwa muongo. Lakini kanuni inasema ardhi ya mbai ichimbwe na mikono ya mbai. Hii ni mikono ya wageni."

Kathini aliutazama mteremko wote, tuta baada ya tuta. Miezi minne alikuwa ameongoza watu kutoka njaa hadi shibe, na hapa alikuwa amesimama juu ya udongo uliochimbwa vizuri kuliko wote Nuu, na hata hivyo haukutosha.

Wakati huo Kaloki alikuwa amekwisha kuhesabu, kwa kuwa hawezi kuona watu wamekaa bila kuwahesabu. Wanaume wazima walikuwa mia moja na kumi na wanane. Alimwinamia mwenyekiti sikioni.

Mbai nayo ilikuwa na shida zake, ambazo wazee hawakupenda zitajwe. Vijana walikuwa wameenda Nairobi na Mombasa wakapotelea huko. Mwaka uliotangulia walihudhuria mkutano mkuu wanaume thelathini na tisa tu, na kwenye mkusanyiko wa mbai zote mjini Kitui walikuwa wamekalishwa nyuma kabisa, karibu na vyoo. Mwenyekiti alikuwa ameyameza hayo lakini hayakushuka. Sasa alitazama bonde lile lililojaa wanaume wenye vifua vipana na ng'ombe, akaona safu ya mbele.

Mbai ina njia ya kumwingiza mgeni. Huzaliwa. Mbuzi huchinjwa, mgeni huvishwa kidoleni ukanda mwembamba wa ngozi yake, wazee hulitaja jina lake mara moja kwa sauti na kusema nyumba imepata mtoto, na kuanzia hapo hakuna wa kumuuliza alitoka wapi. Jumamosi ya pili ya Oktoba wakachinjwa mbuzi wanne, na kati ya asubuhi na chakula cha mchana wanaume mia moja na kumi na wanane walizaliwa. Kaloki aliwaandika wote. Mpiga picha aliyeitwa kutoka Mwingi kwa ajili ya kadi za uanachama alipiga picha tano, akachapisha nyingi, na alasiri alikuwa amekwisha kurudi. Kufikia Jumatano kila mmoja wao alikuwa ameonyeshwa mahali pa kujenga. Hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lilifanywa haraka.

Siku ile ya mbuzi, walipokwisha kuzaliwa wote, Kathini alikwenda mbele ya wazee.

"Na mimi nizaliwe," alisema.

Mwenyekiti alimpisha kiti. "Kathini, wewe ulizaliwa hapa. Mimi mwenyewe nilikuja kumpa Mwau pongezi. Mtu hazaliwi nyumba moja mara mbili."

"Basi kama nilizaliwa hapa, niandikwe."

"Ulizaliwa, ukaolewa, ukafutwa. Aliyefutwa haandikwi tena."

"Na hawa mmewazaa leo?"

"Hawa hawakuwa wamezaliwa," mwenyekiti alisema, na wazee wote wakaitikia kwa vichwa, kwa maana hoja ilikuwa imefungwa kila upande.

Iliuma. Kathini hakujidanganya kwamba haikuuma. Alipanda shambani, akaketi ukingoni mwa tuta miguu ikiwa ndani ya mtaro, akalia mpaka kilio kikaisha chenyewe. Alipoinua kichwa, Msemaji alikuwa ameketi kando yake, shoka magotini. Naye hakuwa ameandikwa. Kati ya wageni walioandikwa hakuwamo mwanamke hata mmoja.

"Kwetu mwanamke hukaa barazani," Msemaji alisema. "Tunaweza kushangaa, kunyamaza, au kuchoma ghala lao. Unasemaje?"

"Nyamazeni," Kathini alisema. "Kwa sasa."

Kuhusu shamba, ilidhaniwa kwamba mambo yamekwisha, kwa kuwa mikono iliyochimba sasa ni mikono ya mbai. Kaloki, ambaye hupenda kila kitu kiwe mahali pake, alionyesha kwamba mikono hiyo ilichimba Septemba na ikazaliwa Oktoba. Jambo likaahirishwa hadi mkutano mkuu wa Desemba.

Novemba mvua ilinyesha siku sita mfululizo. Kwa Mulinge mawe yaliteremka hadi barabarani. Kwa Kathini maji yalishuka tuta kwa tuta, yakasimama, yakazama, na hakuna kijiko cha udongo kilichoondoka. Alipanda ndengu na kunde bila kujua ni nani atakayevuna. Kila asubuhi alikwenda kuzitazama zikichipuka, na furaha aliyokuwa nayo ilimtia hofu.

Mkutano mkuu ulifanyika tarehe ishirini na nane Desemba katika uwanja wa shule ya msingi. Waliofanya kazi mijini walikuja na miwani ya jua. Wanaume waliketi kwenye viti chini ya hema mbele ya meza kuu, na wanawake walikuwa jikoni, kibanda cha mabati upande wa pili wa uwanja, ambako Kathini na Msemaji walikuwa wakichagua mchele kwa ungo. Jambo la sita katika ajenda lilikuwa shamba la marehemu Mwau.

Kaloki alisoma historia yake yote, kuanzia barua. Mwenyekiti aliuliza ni wangapi wanaokubali shamba liende kwa Mulinge kulingana na kanuni. Mikono thelathini na minane iliinuka, na Mulinge mwenyewe aliona haya kuinua wa kwake. Mwenyekiti aliuliza ni wangapi wanaokataa. Hakuna mkono ulioinuka. Wale mia moja na kumi na wanane walikuwa wameketi wametulia, pete za ngozi vidoleni. Halafu mmoja wao, mwenye uso wa pili wa kiume, alisimama, akaigeuzia meza kuu mgongo, akatazama jikoni.

"Tunaweza kukubali," alisema kwa sauti ya kufika, "kukataa, au kumvamia Mulinge na kuchukua ng'ombe zake. Unasemaje?"

Wale wengine wote walikuwa wamegeuza viti vyao kumfuata. Mwenyekiti alitazama huko walikotazama. Mulinge alikuwa na ng'ombe sita, na alianza kuwataja mmoja mmoja kimoyomoyo.

Kathini aliweka ungo chini. Alijipangusa mikono, akatoka hadi kwenye kizingiti cha kibanda mahali ambapo jua lilimpata. Si uongo, alifikiria kidogo ile njia ya tatu.

"Kataeni," alisema.

Mikono mia moja na kumi na minane ilipanda kwa pamoja. Kaloki alihesabu mara mbili, kwa shida, kwa sababu kila alipofika kwenye uso fulani alidhani alishauhesabu. Jikoni vigelegele vilitoka na havikukatika upesi. Kathini alisimama pale pale, na moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko kifua. Shamba lilikuwa lake. Ndengu zilikuwa zake, na kunde, na matuta yote kutoka juu hadi chini.

Ajenda iliendelea, kwa kuwa yalibaki mambo kumi. Jambo la saba lilikuwa tangi la maji la shule, liwekwe upande wa mwenyekiti au upande wa zahanati. Mwenye uso wa pili alisimama akageuka. Njia zilikuwa tatu, na Kathini akasema zahanati. La nane lilikuwa zamu za mwethya. Kathini akasema zianze kwa wajane na mabinti waliorudi, wawe katika daftari wasiwe, kisha ziende kwa Mulinge, na kwake waanze juu. Ikapita. Kwenye jambo la tisa mwenyekiti aliugeuza mwenyewe mkao wa kiti chake, kwa maana shingo ilikuwa inamuuma. Kwenye la kumi na mbili alikuwa akisema, "Tusikie jikoni wanasemaje," kabla hajaulizwa. Kufikia chakula cha mchana mbai ilikuwa imeamua mambo mengi kuliko ilivyoamua kwa miaka saba, na hakuna hata mtu mmoja aliyetukanwa.

Jambo la mwisho Kathini alilileta yeye.

"Jina langu liandikwe," alisema. "Na la Msemaji. Na la kila binti aliyerudi."

Mia moja na kumi na wanane waliinua mikono bila hata kumngoja mtu wao asimame. Kisha ikainuka na mingine michache, mmojawapo ukiwa wa Mulinge. Kaloki alihesabu, akasema ni wengi kabisa, haina ubishi. Mwenyekiti alivua kofia.

"Mmeona mikono, nami nimeiona," alisema. "Shamba hupigiwa kura. Maji hupigiwa kura. Daftari halipigiwi kura. Daftari ni la waliotutangulia, na wao hawako hapa tuwaulize."

Kaloki aliandika kwamba mikono ilionekana, akafunga daftari, akalizungushia mpira. Kwenye ukurasa wa shamba alikuwa ameandika: limebaki nyumba ya marehemu Mwau, kwa uamuzi wa wanaume wa mbai.

Msemaji alimsogelea Kathini. "Tunaweza kushangaa," alianza.

"Pakueni mchele," Kathini alisema.

Alivuna mwezi wa Februari, akajaza stoo mpaka mlango ukawa haufungi. Mvua ya Machi ilikuwa haba kila mahali, lakini chini ya matuta yake udongo ulibaki na unyevu hadi Mei. Wale wageni walijenga, wakaoa, na watoto waliozaliwa walikuja na nyuso ambazo hazikuwahi kuonekana. Mwethya iliumaliza mteremko wote wa Nuu. Kwenye mkusanyiko wa mbai zote mjini Kitui mwezi wa Julai walikalishwa safu ya mbele kabisa, na wazee wa mbai nyingine walikuja kunong'ona na mwenyekiti kuuliza wanaume hao walipatikana wapi. Baadhi yao walirudi kwao wakaanza kununua simu mbovu.

Mkutano wa kati ya mwaka ulifanyika Agosti, uwanja ule ule wa shule. Viti vya hema havikutosha, wengine wakaketi chini. Ilipofika saa nne Kaloki alitoka meza kuu, akauvuka uwanja wote juani akiwa ameshika daftari, akasimama nje ya kibanda cha mabati. Kathini alikuwa akimenya viazi pamoja na Msemaji na Sabrin, aliyekuja kusaidia.

"Mama Kathini," Kaloki alisema, "mwenyekiti anauliza kama tunaweza kuanza."

Kathini alimaliza kiazi kilichokuwa mkononi, akakitia kwenye maji.

"Mwambie aanze," alisema.

Kaloki aliuvuka uwanja tena. Mwenyekiti aligonga meza, maombi yakaombwa, na majina yakasomwa yote mia moja hamsini na saba, kila mmoja akiitika. Kisha Kaloki akaandika, kwa ule mwandiko wake mzuri, kwamba mkutano ulifunguliwa na mwenyekiti saa nne na dakika kumi, na kwamba hakuna mwanachama aliyekosa.